Ukwezi Nao Una Chuo Chake



Katika toleo hili la mwaka tumetakiwa tuandike juu ya kazi na riziki. Huenda wengi wenu mlitaraji tuzungumzie udaktari, uhasibu au kompyuta. Sisi tumechagua kazi inayofanyika juu ya vichwa vyetu kila siku, nayo ni ukwezi. Tulipouliza darasani mkwezi anahitaji kusoma nini, darasa zima lilicheka, na mmoja wenu akajibu: "Moyo tu, maalim." Jibu hilo ndilo lililotushikisha kalamu, kwa sababu miaka miwili iliyopita sisi walimu tuliamini hivyo hivyo.

Wakubwa miongoni mwenu wanakumbuka. Yalikuwa matayarisho ya maulidi, nazi za wali hazikutosha, tukamtuma mwanafunzi wa miaka 14 akwee mnazi ulio nyuma ya chuo. Alikuwa hodari wa mipera na miembe, tukaona yatosha. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha na shina bado lina utelezi. Alifika kileleni, akashika kuti kavu, likang'oka, akaanguka nalo. Alhamdulillahi yu hai, lakini mkono wake wa kulia haunyooki mpaka leo. Wazazi wake hawakutulaumu hata kwa neno moja. Afadhali wangetulaumu.

Tangu siku hiyo tumekaa na wakwezi wazee tukawauliza walivyojifunza. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kuwa alianza kwa moyo tu. Walianza kwa kumfuata mkwezi mkubwa shamba kwa shamba, wakiokota na kuhesabu nazi, kisha wakaanzia minazi mifupi, na mirefu wakaifikia baada ya msimu na zaidi. Katika muda huo walifundishwa kuutazama mti kabla ya kuugusa: je, shina limeoza, chonga ameshakula kilele, kuna nyuki, kuna waya wa umeme karibu? Walifundishwa kamba ya miguuni inavyokaguliwa, panga linavyofungwa lisiwaponyoke, na kutofautisha koroma na nazi iliyokomaa, kwani nazi huchukua kiasi cha mwaka mzima tangu ua hadi kukomaa, na mwenye kuangua ovyo humtia hasara mwenye shamba. Walifundishwa pia kuwa kuti kavu si la kushika wala kukalia. Sisi tunautumia msemo huo kila siku; wao wanaujua kwa mikono yao.

Nchi nyengine hazikuliacha jambo hili kwa mazoea. Nchini India, katika jimbo la Kerala, wakwezi walipopungua, bodi ya serikali inayosimamia minazi ilianzisha mafunzo kwa vijana mwaka 2011. Vijana hao hufundishwa kukwea kwa kifaa maalumu cha kufungwa kwenye shina, na hukatiwa bima ya ajali. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri asimpeleke mtu kufanya kazi juu ila mwenye ujuzi, na anayesomea kupanda miti kwa kamba hutahiniwa pia namna ya kumshusha mwenzake aliyeumia huko huko juu.

Hapa petu Pemba hatari haiko kwenye minazi peke yake. Msimu wa karafuu unapoingia, hata asiyewahi kukwea huwa mchumaji. Mkarafuu una matawi mepesi kuvunjika, na mashada yako kwenye ncha. Malipo ni kwa kiasi ulichochuma, basi mtoto hujinyoosha pale ambapo mtu mzima hathubutu. Kisha tunasema ni kadari. Kadari tunaiamini, lakini mnajua wenyewe kuwa katika fiqhi mwenye kutibu watu bila ya kuwa na ujuzi hubeba dhamana ya madhara yake. Je, mwenye kumtuma juu ya mti asiyefunzwa hana dhamana?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, chuo chetu kisimtume tena mwanafunzi yeyote juu ya mti. Minazi ya chuo ikwewe na mkwezi anayejulikana, naye alipwe haki yake. Tunajua baadhi ya wazee watasema fedha hazipo na kwamba wao walikwea tangu wadogo. Tunawajibu kwa heshima kwamba waliokwea wakaanguka hawapo barazani kutoa ushahidi. Nazi zikipungua, wali wa maulidi na upikwe mchache.

Pili, asiyefikia miaka 18 asikwee kwa malipo. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, unakataza kumtia mtoto katika kazi ya hatari, na hatuoni hatari iliyo wazi kuliko hii.

Tatu, anayeitaka kazi hii ukubwani asiione haya. Aende kwa mkwezi mzoefu, akae naye, na asikwee pasi na mtu wa kumwangalia, naye huyo asimame mbali na zinapoangukia nazi. Na wote tujifunze huduma ya kwanza: aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama tulivyofanya sisi siku ile kwa kutojua. Kichwa na shingo vitulizwe, na msaada uitwe.

Mwanafunzi wetu yule sasa anaandika kwa mkono wa kushoto, na hati yake imekuwa nzuri. Kila tunaposahihisha daftari lake tunakumbuka kuwa siku ile asiyekuwa na ujuzi hakuwa yeye peke yake.

Wabillahi tawfiq.