BUNDUKI YA MGENI HAIZAI AMANI



Kila linaporipuka bomu katika mji wa Waislamu, hutokea mabwana wenye elimu kubwa wakauliza: dini hii ina nini hata wafuasi wake wakawa na chuki namna hii? Swali hilo lina hila ndani yake. Huulizwa ili swali jingine lisahauliwe, nalo ni hili: ni nani aliyetangulia kuingia katika nyumba ya mwenziwe na bunduki mkononi?

Twataka kulijibu, na jibu letu tutalianzia mbali na visiwa hivi. Tazameni Kingerikiti, katika wilaya ya Nyasa, nchi iliyokuwa ikihesabiwa pamoja na Mbinga. Wakaazi wa pande hizo wengi wao ni Wakristo, kwa hiyo hapana atakayetusingizia kwamba twawatetea watu wa dini moja tu. Wadachi waliingia Ungoni, jirani na huko, mwaka 1897, wakajenga boma Songea, wakatoza kodi, wakawatia watu katika kazi za nguvu. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi vikafika Ungoni. Waliopigana huko wengi wao hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Walikuwa wakishika mila za wazee wao. Tarehe 27 Februari 1906 Mdachi akawanyonga wakuu wao pale Songea, kisha askari wake wakachoma vyakula mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Wako wanahistoria wanaokisia kwamba katika vita hivyo vyote walikufa watu hata 300,000. Na Agosti 1914 manowari ya Mwingereza ikaja Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ikaipiga mizinga meli ya Mdachi. Wageni wawili waligombana katika ua wa mtu wa tatu, na mwenye ua hakuulizwa.

Basi semeni, ndugu: watu wa Ungoni waliinuka kwa sababu ya aya gani? Hapana. Waliinuka kwa sababu walionewa. Kumchukia mgeni mwenye silaha hakuna dini. Ni tabia ya kila binadamu aliyedharauliwa kwao. Na mauaji yale hayakusahauliwa. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea kuomba msamaha, miaka 117 baada ya vitanzi. Aliyepiga husahau upesi. Aliyepigwa humrithisha mjukuu.

Ikiwa ndivyo, mbona katika nchi za Waislamu chuki hiyo huvaa kanzu ya dini? Sababu yake si ngumu. Jeshi la kigeni likishawanyonga wakuu, likazivunja baraza na mahakama, huwa halikubaki la kuwakusanya watu ila msikiti. Baada ya Maji Maji, Uislamu ulienea kwa kasi katika nchi za kusini, na mwaka 1908 ikapita barua iliyosemekana kutoka Makka, ikiwaonya waumini kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Serikali ya Kidachi ikatetemeka kwa karatasi ile, ikawatilia shaka walimu wa dini. Lakini haikuyatazama makaburi iliyoyachimba yenyewe miaka miwili nyuma.

Tuje sasa katika zama zetu, tuitazame Somalia. Juni 2006 Mahakama za Kiislamu ziliushika mji wa Mogadishu na kuwaondoa wakuu wa vita waliokuwa wakiwanyonya raia. Ndani yake walikuwamo wenye siasa kali, walikuwamo na watu wa mashauri. Desemba ya mwaka ule ule jeshi la Ethiopia likaingia, Marekani ikiwa nyuma yake. Mahakama zikavunjika, wazee wa mashauri wakakimbia, wakabaki vijana wenye bunduki, waitwao Al-Shabaab, ambao kabla ya hapo walikuwa tawi dogo tu. Jeshi la mgeni likawapa walichokikosa: sababu ya kuwaita Wasomali wote vitani. Januari 2009 Ethiopia ikaondoka, na mwezi huo huo Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa Mahakama hizo, akachaguliwa kuwa rais kwa ridhaa ya mataifa yale yale yaliyomfukuza. Miaka miwili ya damu ilikuwa ya nini, ikiwa mwisho wake ni kurudi kwa mtu yule yule, na nyuma yake ameachiwa moto usiozimika?

Moto huo haukukaa Somalia. Julai 2010 uliunguza Kampala, wakauawa watu zaidi ya 70, na waliofanya wakasema ni kwa sababu ya askari wa Uganda walioko Mogadishu. Oktoba 2011 jeshi la Kenya likavuka mpaka; Septemba 2013 wakauawa watu 67 Westgate, Nairobi; Aprili 2015 wakauawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Na Aprili 2014 serikali ya Kenya ilikuwa imewakamata maelfu ya watu wa Eastleigh na kuwafungia katika uwanja wa mpira wa Kasarani, kosa la wengi wao likiwa ni Usomali wao. Huko si kuzima moto; ni kuutilia mafuta.

Lakini haki isemwe yote. Aliyemuua mwanafunzi wa Garissa ni muuaji, na dhuluma aliyotendewa na mtu mwingine haimpi ruhusa. Bomu la Mogadishu la tarehe 14 Oktoba 2017 liliua watu zaidi ya 500, nao walikuwa Waislamu wenzake. Kueleza chanzo cha ugonjwa si kuusifu ugonjwa. Tabibu asiyetaka kujua chanzo atachinja wagonjwa wote.

Na sisi wa visiwani twayajua haya bila ya kusimuliwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani hapa Unguja kwa muda usiotimia saa moja, wakafa na kujeruhiwa watu wapatao 500, ili London imchague atakayekaa juu ya kiti. Kisha mwaka 1960 Uingereza na Marekani zikapatana kujenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Waliambiwa wananchi kwamba si cha kijeshi. Hawakuamini, wakaandamana, kwani asiyeulizwa haamini anachoambiwa. Kikaondolewa mwaka 1964.

Basi wajibu wetu wanachama ni mambo matatu. Tudai kwamba mapatano yoyote ya kijeshi na dola ya kigeni yasomwe hadharani mbele ya wawakilishi wa wananchi kabla ya kutiwa saini. Tudai kwamba kijana wetu asipelekwe kupigana katika nchi ya watu bila ya kuelezwa anakwenda kumlinda nani. Na tuwaambie vijana wetu waziwazi, misikitini na barazani, kwamba anayewaita kuua wasio na hatia hawakomboi: anampa mgeni hoja ya kubaki.

Amani hukaa mahali wenyeji wanapoulizwa. Mahali wasipoulizwa, jeshi litalinda boma lake tu, na nje ya boma chuki itazaliwa kila siku.