Tundu Linaloficha Vali

Mwaka 1916 daktari Mfaransa, René Lutembacher, alieleza moyo wa mama wa miaka 61 aliyebeba mimba saba. Ukuta wa vyumba vya juu vya moyo ulikuwa na tundu la tangu kuzaliwa, na vali ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto, ilikuwa imesinyaa. Tundu ndilo lililomfikisha umri huo: damu iliyokwama mlangoni ilipata pa kupenyea. Lakini kila ilipopenya, upande wa kulia ulizidi kulemewa.

Maradhi hayo pacha ni nadra. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, nusu yake si ngeni: vali husinyazwa na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye maambukizi ya koo ya mtoto aliyekosa penisilini. Kwa hiyo bibi akivimba miguu, akihema kwa kupanda kilima tu, naona ni dhuluma kumwambia ni uzee.

Wapo wanaosema fedha ziende kwenye penisilini ya watoto. Ziende, sibishi. Ila bibi huyu alikuwa mtoto zamani, na sindano ya leo haiifungui vali yake.

Ili tatizo lake lijulikane, kununua tu mashine ya eko, inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, hakutoshi. Tundu likiwa kubwa, mvumo wa vali hufifia sikioni mwa daktari. Hata eko yaweza kumdanganya asomaye kwa haraka, maana sehemu ya damu imeshapita tunduni na msukumo mlangoni umepungua. Vali mbovu huonekana ina nafuu. Msomaji hodari huupima upana wa mlango wenyewe. Tundu likizibwa na vali ikasahauliwa, damu hurudi nyuma na kuyajaza mapafu maji.

Kisha kuna umbali. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea mgonjwa wa Sengerema foleni ya kivuko anapokwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wa Kisiwa cha Ukerewe bado anangoja chombo majini. Na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza. Kwa safari ya namna hiyo familia huuza ng'ombe; haifai ianze kwa kubahatisha. Nataka wataalamu wa Bugando wawafundishe wenzao wa Nansio, kule Ukerewe, na Sengerema kusoma eko, picha zenye utata zitumwe Mwanza siku hiyo hiyo, na Bima ya Afya kwa Wote, iliyopata sheria yake 2023, ilipie kipimo hicho kwa mzee yeyote anayehema bila sababu inayojulikana.