Aliyeandika "Rudini Kwenu" Hajawahi Kukaa Nasi

Na Hussein Dekow

"Abti, kwetu ni wapi?"

Mpwa wangu, anayeniita abti, yaani mjomba, aliniuliza hivyo Februari 2025. Rais William Ruto alikuwa ametangaza akiwa Wajir kwamba vijana wa Kaskazini Mashariki hawatapigwa tena msasa wa ziada ndipo wapate vitambulisho. Tulikuwa tumekaa nje ya mkahawa, chai ya maziwa ya ngamia ikipoa. Akanipa simu nisome maoni chini ya habari ile. "Rudini kwenu Somalia." "Wanaingiza magaidi." Kijana huyu amezaliwa Bula Iftin, hapa Garissa. Mama yake pia.

Nimekuwa nikijiuliza maneno hayo huandikwa na mtu wa namna gani. Wengi wao, naamini, si watu wabaya. Wana hofu, na hofu hiyo ina chanzo: Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wakiwa wanafunzi waliotoka mbali kuja kusoma kwetu. Jina la mji huu liliingia katika nyumba nyingi za Kenya pamoja na jeneza. Uchungu huo haujapoa, na simu haikuonyeshi uso wa unayemtukana, basi unamwagiwa kijana anayetafuta kitambulisho.

Nasi tuna letu la kujibu. Januari 2020, walimu watatu wasio wenyeji walipouawa Kamuthe, katika kaunti yetu ya Garissa, na wenzao kuhamishwa, niliona watu wetu mitandaoni wakiwaita waoga. Walioandika hayo hawakulala katika nyumba za walimu usiku ule. Niliona aibu.

Lakini kuna siku tulilindana. Desemba 21, 2015, washambuliaji walisimamisha basi la Mandera karibu na El Wak, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Kinamama waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Watu wale walikuwa wameketi bega kwa bega njia nzima kutoka Nairobi. Hakuna aliyeweza kumtoa jirani yake.

Nairobi hadi Garissa ni kilomita 370 hivi, tena lami. Wewe uliyeandika "rudini kwenu", panda basi asubuhi, uulize Bula Iftin. Chai nitalipa mimi. Ukiimaliza na bado una neno, mwambie mpwa wangu ana kwa ana.