Mwenye Hewa Kidogo Ndiye Bosi

Nikisema mwezi huu tunazungumzia kuzamia, usije ukanielewa vibaya. Sizungumzii kuzamia harusi ya watu na kula pilau bila kuchangia hata shilingi, wala kuzamia meli kwenda Ughaibuni. Nazungumzia kuzamia kwenyewe: mtungi wa hewa mgongoni, miwani usoni, mapezi miguuni, na bahari nzima iko juu ya kichwa chako.

Wengi wetu tumekua tukiamini hayo ni mambo ya watalii. Sisi na bahari yetu ni mishikaki, mchanga, na maji mwisho kiunoni. Lakini siku hizi kila msimu wa harusi ukikaribia napata swali lile lile: "Dada Mhariri, tumechoka na fungate za kulala hotelini na kuangalia TV. Tukajifunze kupiga mbizi wapi?" Basi leo nawapa safari ninazozipenda kuliko zote, za hapa nyumbani na za mbali. Ila kabla ya kufungua mabegi kuna sheria moja ambayo nataka muijue wote wawili.

Sheria ya geji

Chini ya maji hakuna anayekwenda peke yake. Mnakwenda wawili wawili, na kila mmoja anabeba geji inayomwonyesha hewa iliyobaki. Mtungi wa kawaida una ukubwa wa lita 11 hivi na hujazwa hadi bar 200. Mnatakiwa kurudi juu mkiwa bado na bar 50 za akiba, kwa hiyo za matumizi ni 150 tu.

Sasa sikiliza. Kila mita 10 unazoshuka, presha inaongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu nchi kavu. Ukiwa mita 10 unatumia hewa mara mbili ya ile ya juu, na mita 20 mara tatu. Tuseme bwana ni mtu wa mwili mkubwa, ana wasiwasi, anahema kama aliyepanda ngazi: lita 20 kwa dakika. Bibie ametulia zake, anatumia lita 12. Wakiwa mita 20, hewa ya bwana inamtosha kama dakika 27. Ya bibie inakwenda hadi dakika 45.

Je, bibie anabaki chini peke yake dakika 18 akiangalia samaki? Thubutu! Wa kwanza kufika kwenye akiba akitoa ishara, wote mnapanda. Hakuna kununa, hakuna "vumilia kidogo". Mwenye hewa kidogo ndiye bosi.

Na hapo ndipo wapenzi wengi wanapokosea tangu wakiwa nyumbani. Safari inachaguliwa na yule jasiri, yule aliyeona picha kwenye simu. Mwingine anasema "sawa mpenzi" huku moyo unamdunda. Ushauri wangu ni mmoja tu: chagueni safari kwa kumwangalia yule mwenye uzoefu mdogo au woga mkubwa zaidi. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kuanzia kwa wanaoanza hadi kwa waliokomaa.

1. Mafia: anzieni nyumbani

Mtu anayetaka kuanza, nampeleka Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 na ni ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ndani ya Ghuba ya Chole maji yametulia, matumbawe yako mita chache tu chini, na mwalimu anaweza kukufundisha kusawazisha presha ya masikio taratibu bila mkondo kukusukuma. Mkishakuwa na uzoefu kuna mlango wa Kinasi, ambako maji yanakimbia na chewa wakubwa wanakutazama kama walinzi wa geti.

Halafu kuna papa potwe. Kuanzia Oktoba hadi karibu Machi huja upande wa Kilindoni kula vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 12, na wala hana habari na wewe. Kumwona huhitaji mtungi: miwani, mrija na mapezi vinatosha, kwa hiyo hata mwenzi asiyetaka kabisa kuzama anapata uhondo ule ule. Msimguse, na msimzibie njia.

Kufika ni kwa ndege ndogo kutoka Dar, au kwa boti ya Nyamisati kama bajeti imebana. Epukeni Aprili na Mei, masika huchafua maji. Na wanaokwenda Unguja, Mnemba nako kuna kasa na pomboo, ila boti zinajaa. Ombeni kuondoka alfajiri.

2. Maldives: mahali ambapo mtungi unaachwa botini

Hii ni fungate ya kwenye kalenda: vijumba juu ya maji, mchanga mweupe, mkoba unalia. Lakini sababu yangu ya kuipenda inaitwa Hanifaru, ghuba ndogo katika Baa Atoll, eneo ambalo UNESCO ililitambua kama hifadhi ya viumbe mwaka 2011. Kati ya Mei na Novemba upepo wa kusini-magharibi, ndugu wa Kusi yetu, unasukuma chakula kingi ndani ya ghuba hii yenye umbo la mdomo wa faneli. Wanaokuja kula ni taa wale wakubwa waitwao manta, wenye upana wa mita 3 hadi 4. Siku nzuri wanapita kwa makundi, midomo wazi, wakizunguka kama wanacheza mduara.

Cha kushangaza, kupiga mbizi kwa mtungi ndani ya Hanifaru ni marufuku. Wageni wanaingia kwa zamu na mwongozaji mwenye leseni, wakiogelea juu kwa mrija. Kwa hiyo kama mmoja wenu ana cheti na mwingine hana, hapa mko sawa kabisa. Mpiga mbizi apange mizamo yake ya mtungi kwenye miamba mingine asubuhi, mchana mkutane kwa manta.

3. Bahari ya Shamu, Misri: pikipiki chini ya maji

Hapa tunapanda darasa. Kutoka Sharm el-Sheikh boti huondoka usiku au alfajiri kwenda kwenye meli ya Waingereza iitwayo SS Thistlegorm. Tarehe 6 Oktoba 1941 ilikuwa imetia nanga ikisubiri kupita Mfereji wa Suez, imesheheni vifaa vya jeshi la Kaskazini mwa Afrika, ndege za Kijerumani zikaipiga mabomu. Wanaume tisa walikufa. Jacques Cousteau aliipiga mbizi miaka ya 1950 na tangu hapo imekuwa kama Makka ya wapiga mbizi. Ukiingia kwenye matumbo ya meli unakuta pikipiki za BSA zimepangwa, malori ya Bedford, na mabuti ya mpira ambayo hayajawahi kuvaliwa.

Ni safari yangu namba moja kwa uzuri. Ila sakafu iko kama mita 30, na mikondo ina nguvu. Cheti cha mwanzo kinakuruhusu kushuka mita 18 tu, kwa hiyo mnahitaji cheti cha pili, wote wawili. Kama mmoja bado, kuna matumbawe ya Ras Muhammad, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983, ambako rangi zote ziko karibu na jua na hamna cha kujutia.

Pwani hiyo hiyo, juu kidogo, kuna mji wa Dahab na shimo lake la bluu. Juu ni pazuri, watu wanaogelea na kunywa chai. Lakini chini, kama mita 55, kuna tao la mwamba linalotokea bahari kuu, na kikomo cha kupiga mbizi kwa starehe ni mita 40. Wengi wamelifuata wasirudi. Kwenye jabali la pembeni kumebandikwa vibao vya kumbukumbu vyenye majina yao. Mkifika, someni vibao vile pamoja kabla hamjavaa mitungi. Vitamsaidia sana yule asiyejua kusema "hapana" mbele ya mpenzi wake.

4. Silfra, Aisilandi: kati ya mabara mawili

Ya mwisho ni ya waliokomaa na wasioogopa baridi. Katika hifadhi ya Thingvellir kuna ufa uliojaa maji, ambapo bamba la ardhi la Amerika ya Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana kama sentimita 2 kwa mwaka. Maji yanatoka kwenye barafu ya mlimani, yanachujwa na miamba ya volkano kwa miaka mingi, na yakifika ni safi kiasi cha kuona zaidi ya mita 100. Unaelea kama uko angani. Wengine wanakunywa hapo hapo.

Bei ya uzuri huo ni baridi: nyuzi 2 hadi 4! Unavaa suti isiyopitisha maji, na lazima uwe na cheti au uzoefu wa kuitumia. Asiye navyo anaruhusiwa kuelea juu kwa mrija akiwa na suti hiyo hiyo, na kwa jinsi maji yalivyo angavu atakuona mwanzo hadi mwisho.

Hesabuni vichwa wenyewe

Nisiwatishe, lakini hili ni lazima. Januari 1998, mume na mke kutoka Marekani walikwenda kupiga mbizi kwenye Great Barrier Reef, Australia, na boti lao likaondoka bila wao. Hesabu ya abiria ilikosewa. Kosa liligundulika baada ya siku mbili, na hawakuonekana tena. Filamu ya Open Water ya mwaka 2003 ilitokana na mkasa huo.

Funzo lake ni rahisi. Chagueni kampuni inayoita majina kabla na baada ya kuzama, siyo inayotupa jicho tu na kusema "tumetimia?". Jitambulisheni kwa nahodha. Bebeni filimbi na boya la kupuliza la rangi kali. Na kwenye boti, kabla injini haijawashwa, kila mmoja amwone mwenzake kwa macho yake.

Kabla hamjalipa, kaeni chini muulizane

Afya. Mtapewa fomu ya maswali: pumu, moyo, masikio, dawa unazotumia. Jaza ukweli, hata kama utatakiwa kumwona daktari kwanza. Ukiwa na mafua, usizame siku hiyo, masikio hayatakubali.

Mimba. Wataalamu wanashauri mjamzito asipige mbizi kabisa. Kwa hiyo mabibi, kama kuna siku zimepitiliza, pima kabla ya safari na mwambie shemeji yetu mapema. Na wewe bwana, akikwambia, furahi! Usianze kuhesabu hela za mitungi iliyokwisha lipiwa.

Ndege. Naitrojeni inabaki mwilini baada ya kuzama. Subirini saa 18 angalau mkishazama zaidi ya mara moja, na saa 24 ni salama zaidi. Hata ile ndege ndogo ya Mafia kwenda Dar inahesabika. Siku ya mwisho iwe ya kulala na kula pweza.

Pumzi. Usizuie pumzi ukiwa na kipumulio mdomoni, hata mara moja. Pandeni pole pole, na simameni mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Mikono. Kidole gumba juu, ambacho mjini ni "poa", chini ya maji maana yake ni "tupande". "Poa" ni duara la gumba na shahada. Kiganja kinachoyumba yumba ni "kuna tatizo". Zifanyieni mazoezi sebuleni, mtacheka mpaka basi, lakini mtazikumbuka.

Na ishara ya muhimu kuliko zote ni ile ya kuuliza "umebakiwa na ngapi?". Ulizeni kila dakika tano, na anayeulizwa asipunguze wala kuongeza. Akisema 70, ni 70. Akisema anataka kupanda, mnapanda, na mkifika juu hakuna kumtania mbele ya watu wa botini. Akitaniwa leo, kesho atanyamaza akiwa mita 18 na bar 30, na huko hakuna mtu wa kumbembeleza aseme.

Haya, msimu wa papa potwe ukifika sitaki kusikia visingizio. Mkienda, niandikieni mliona nini na nani alikuwa bosi. Tukutane mwezi ujao!