Mashine inakata hewa na mafuta yanaisha: shule za ufundi zifundishe hesabu ya bruti

Kuna hasara moja katika atelie za chuma ambayo hakuna mtu anaiandika katika daftari la mahesabu, kwa sababu haitoi moshi wala haivunji kitu. Ni mashine kukata hewa. Mashine ya kufreza ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, inakwenda na kurudi, jenereta inakunywa mafuta, lakini frezi haigusi chuma. Mgeni akipita pale atasema kazi inaendelea vizuri.

Kosa si la mashine. Ni la programu ambayo haikuambiwa chuma gani kimebaki.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaweza kuuhesabu kwa kalamu. Fundi anataka kuchimba shimo la mstatili lenye urefu wa milimita 200, upana 120 na kina 40. Anaanza na frezi nene ya milimita 20, inayoondoa karibu chuma chote. Lakini frezi ya duara haiingii mpaka ndani ya pembe, kwa hiyo katika kila pembe inabaki nyama kidogo. Anachukua frezi ya milimita 10 ili amalize.

Kama programu bado inafikiri bloku ni nzima, ile frezi ndogo itarudilia shimo lote. Ikisogea milimita 5 kila mstari, inatembea karibu mita 4.8 kwa kila tabaka. Ikishuka milimita 5 kwa tabaka, ni matabaka 8, jumla mita 38 na zaidi. Kwa mwendo wa milimita 800 kwa dakika, hizo ni dakika 48. Na chuma kilichobaki katika pembe zote nne, hata kama tungetaka pembe kali kabisa, ni milimita mraba 86 katika shimo la milimita mraba 24,000. Haifiki hata nusu ya asilimia moja! Dakika 48 kwa kazi ya dakika chache.

Dawa yake wenye kusoma Kifaransa wanaijua kwa jina la bruti: modeli ya chuma jinsi kilivyo baada ya kila hatua. Programu inatoa kwenye bloku kile ambacho frezi ya kwanza imekata, inahifadhi umbo lililobaki, halafu frezi ya pili inatumwa kule tu kwenye mabaki.

Wengine watasema: kwa nini kusumbuka, tununue mashine yenye mwendo wa kasi. Mimi siafiki. Mashine ya kasi yenye programu mbaya inakata hewa kwa kasi, na deni la benki liko pale pale.

Lakini modeli ya bruti nayo ina ulafi wake, na hapa ndipo vijana wengi wanakata tamaa. Wanaomba modeli mpya baada ya kila hatua, kwa usahihi wa milimita 0.01, na kompyuta ya zamani inaganda. Kwa kazi ya kuchonga nene inayoacha nusu milimita ukutani, usahihi wa 0.1 unatosha. Katika programu zinazogawa bloku kuwa vijumba vidogo, ukipunguza upande wa kijumba kwa nusu, idadi ya vijumba inazidishwa mara 8. Ndiyo maana kompyuta inalia.

Afadhali modeli moja baada ya kundi la hatua, pale frezi inapobadilika au kipande kinapogeuzwa. Kila modeli ianzie kwenye ile iliyotangulia, si kwenye bloku nzima. Na kipande kikigeuzwa upande wa pili, umbo lililobaki lihifadhiwe kama faili la STL, liingizwe kama bruti ya upande huo. Ukigeuza hatua ya kwanza baadaye, jua kwamba modeli zote zilizofuata zimekufa. Zihesabiwe upya kabla ya kutuma chochote kwenye mashine.

Sasa hatari yenyewe. Modeli inaweza kusema uongo. Mafundi wetu mara nyingi hawapati bloku iliyokatwa sawasawa. Wanapata chuma cha zamani, kilichopinda, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Kompyuta ikiamini kwamba mahali fulani hakuna kitu, itapitisha frezi pale kwa mwendo wa haraka kabisa. Kama kuna milimita 3 za ziada, frezi inavunjika, na pengine mhimili wa mashine unaumia. Kwa hiyo bloku ipimwe pande zote, pembe zote nne, na modeli ipewe kipimo kikubwa kuliko vyote. Kukata hewa kidogo upande huo ni bima. Sina ugomvi nayo.

Haya yanatuhusu. Kolwezi na Likasi migodi inahitaji vipuri kila siku, na Likasi Gécamines ina atelie zake za Panda tangu zamani. Kijana wa Bukavu, Goma au Lubumbashi anayeweza kutoa kipuri kwa saa mbili badala ya nne ana nafasi ya kushindana na kile kinacholetwa kwa lori kutoka nje. Anayejua tu kukariri kodi za G hana.

Na shule isiseme haina pesa. FreeCAD ni ya bure, na inakubali umbo ulilochora mwenyewe kama bruti. Hata bila mashine zoezi linawezekana: mwanafunzi aandike programu ya lile shimo la 200 kwa 120 mara mbili, bila bruti na pamoja na bruti, asome muda ambao kompyuta inaonyesha, halafu mwalimu amuulize dakika zile nyingine zilikwenda wapi.