Nyama ya Kubanika kwa Mwenye Kupunguza Uzito

Nyarutarama, mjini Kigali, wako wanaokusudia kupunguza uzito ambao huanza kwa kuiacha nyama ya ng'ombe, kisha njaa huwarudisha kwenye viazi vya kukaanga. Hapo nyama imesingiziwa. Gramu 100 za paja lililobanikwa, likiondolewa mafuta, huwa na kalori zipatazo 200, na hushibisha; viazi hivyo hupita 300. Basi ibanikwe juu ya wavu, mafuta yachuruzike, ikatwe nyembamba, iliwe na mchicha, ambao Wanyarwanda huuita dodo, uliochemshwa tu. Kwa juma, nyama nyekundu yote iliyopikwa, pamoja na mishikaki ya mbuzi (nayo huhesabiwa!), hushauriwa isizidi nusu kilo. Mafuta yaliyochuruzika, ingawa matamu kwa ndizi, yamwagwe.