Fulana ya Pamba na Baridi ya Mlimani

Baadhi ya shule zetu za sekondari huwapeleka wanafunzi wao kuzuru Mlima Kilimanjaro, aghalabu hadi vibanda vya Mandara vilivyo kwenye kimo cha kadiri ya mita 2,700, na pengine juu zaidi. Kabla ya safari mwalimu huandika orodha ya vifaa: sweta zito, koti la mvua, soksi, tochi. Nilipokuwa nikisomesha fizikia niliandika orodha za namna hiyo mara kadhaa, na katika zote sikutia hata neno moja juu ya fulana. Sasa naona kwamba orodha hizo zilikuwa kichwa chini miguu juu. Yapasa zianze na nguo inayogusa ngozi, na ziseme wazi kwamba nguo hiyo isiwe ya pamba.

Najua kauli hii itawaudhi wengine. Pamba ni zao letu. Wakulima wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu wanaitegemea, na sisi tunaoishi pwani hatuna nguo inayoishinda. Sifa hiyo siipingi hata kidogo. Lakini jambo lile lile linaloifanya fulana ya pamba kuwa neema Dar es Salaam ndilo linaloifanya kuwa adui katika baridi yenye unyevu.

Uzi wa pamba ni selulosi, na molekuli za selulosi huyavuta maji kwa nguvu na kuyashikilia. Jasho linapotoka, pamba hulinywa, huvimba, kisha hulala bapa juu ya ngozi kama karatasi iliyolowa. Maji hayo hayana budi kukauka, na ili yakauke yanahitaji joto. Joto hilo hutoka mwilini. Tuchukue mfano wa fulana iliyobeba gramu 200 za maji, kiasi ambacho si kikubwa kwa mtu aliyepanda mlima saa tatu. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji kadiri ya kilojuli 480. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: ni joto lote la mwili kwa muda wa dakika 80, limetumika kukausha fulana moja tu. Katika joto la pwani hasara hiyo ndiyo raha tunayoitafuta.

Hasara ya pili inahusu hewa. Nguo haitengenezi joto. Inachofanya ni kuizuia hewa isitembee, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Maji hupitisha joto kiasi cha mara 25 kuliko hewa hiyo. Basi maji yanapojaza nafasi zilizokuwa za hewa kati ya nyuzi, fulana huacha kuwa kinga na kuwa daraja la joto kutoka nje ya mwili wetu.

Mlimani mambo haya yote hukutana. Halijoto hupungua kwa takriban digrii 6 kila tupandapo mita 1,000. Msitu wa upande wa kusini ndio unaopata mvua nyingi kupita sehemu nyingine za mlima, na ndimo njia inamopita. Mwanafunzi anapanda kwa bidii, mwili wake ukitoa joto mara nne au tano ya mtu aliyekaa. Anatoka jasho, wala hasikii baridi. Kisha anafika, anakaa kitako, na ule moto wa ndani unapungua ghafla huku fulana ikiwa imelowa chepechepe.

Katika safari mojawapo niliyoongoza, kijana mmoja aliyekuwa wa kwanza kufika alianza kutetemeka baada ya nusu saa. Tulimvika sweta, tukamwongezea koti. Hakupata nafuu, na nilipomwambia afunge kamba za viatu vidole vyake havikumtii. Mpagazi mmoja mzee alitutazama, akasema, "Mwalimu, mvueni kwanza hiyo ya ndani." Tuliivua, tukamfuta, tukamvika shati kavu. Kabla chai haijachemka vizuri alikuwa akizungumza na wenzake. Mimi niliyekuwa nimesomesha sura ya upitishaji joto miaka kadhaa nilikuwa nimeyafunika maji kwa sweta, na mzee yule alikuwa ameona kosa kwa kutazama tu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya digrii 35, ulimi huwa mzito, hatua hupotea na akili huchanganyikiwa. Mgonjwa anayeacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi amezidiwa, hajapona.

Nini basi kivaliwe? Sufu ya kondoo ndiyo iliyo bora, nayo ina tabia ya ajabu. Uso wa unywele wake una magamba madogo yanayoyakataa matone ya maji, lakini ndani yake hunyonya mvuke hadi kadiri ya theluthi ya uzito wake, na katika kuunyonya hutoa joto kidogo. Zaidi ya hayo, unywele wa sufu umejikunjakunja, kwa hiyo hata ukilowa haulali bapa, na hewa hubaki. Poliesta ina njia nyingine. Uzi wake wenyewe karibu hauyanywi maji kabisa. Maji hupanda katikati ya nyuzi kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, yakatoka nje na kukauka upesi.

Kuna na ubunifu wa Mnorwe Henrik Brun, ofisa wa jeshi, ambaye mwaka 1933 alitengeneza fulana kutokana na nyavu za kuvulia samaki. Matundu yalihifadhi hewa chini ya shati na kuacha mvuke utoke. Fulana za namna hiyo zilivaliwa hata na wapandaji wa Everest wa mwaka 1953. Wavuvi wetu wanazo nyavu, ila sijapata kuona mtu akijaribu.

Nitaambiwa kwamba sufu laini ni ghali, na ni kweli. Mzazi wa kawaida hawezi kuinunua kwa safari ya siku moja. Lakini jezi ya mpira wa miguu ya poliesta mwanafunzi anayo tayari, au ataipata mitumbani kwa bei ya kuvumilika. Ivaliwe hiyo chini, sweta juu yake, koti la mvua juu ya vyote, na jezi ya pili ikae kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Tena suruali ya ndani isisahauliwe, kwani mapaja nayo hulowa.

Asiyeniamini ajaribu maabarani. Yachukuliwe makopo manne yaliyo sawa, yajazwe maji ya moto yenye halijoto moja, yavikwe pamba kavu, pamba iliyolowa na kukamuliwa, sufu iliyolowa vivyo hivyo, na poliesta. Yawekwe penye upepo, na vipimajoto visomwe kila baada ya dakika tano. Kuitambua sufu mitumbani, ombeni uzi mmoja wa pindo mkauchome mbali na nguo nyingine: sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika, pamba hunuka karatasi, na poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu jeusi. Tone hilo huonyesha pia kwa nini aliyevaa jezi asiuinamie moto wa jikoni kambini.